Bega na goti vinauma tangu nirudi kwenye vyuma: nipumzike, nichome sindano au niendelee?

Msomaji mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, mtumishi wa umma mwenye umri wa miaka 34, ameniandikia barua ndefu ambayo naifupisha hapa. Kwa miaka kadhaa amekuwa akinyanyua vyuma jioni katika jimu ya uani, nyumbani kwa rafiki yake. Mwezi Aprili aliacha kabisa, kwa sababu ofisi yao ilizidiwa na kazi za Bunge la Bajeti hadi mwisho wa Juni, na wiki ya kwanza ya Julai akarudi na uzito uleule aliokuwa ameuacha, siku tano kwa wiki, ili afidie muda uliopotea. Sasa ni Septemba. Bega la kulia linamuuma mbele na ubavuni kila anapopiga benchi, na hata anapovaa shati. Goti la kushoto linauma chini ya kilegesambwa, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, anaposhuka ngazi. Na kiwiko cha kulia kimeanza kumsumbua tangu aliposaidia kupogoa zabibu shambani kwa wazazi wake, Mpunguzi. Amechomwa diklofenaki mara kadhaa, amechuliwa kwa mafuta, amepumzika wiki mbili akapata nafuu, na siku aliporudi kwenye vyuma maumivu yakarudi palepale. Anauliza: "Shikamoo daktari. Je, niache mazoezi moja kwa moja? Kuna mtu amenishauri nichomwe sindano ya steroidi kwenye bega, ni sawa? Nahitaji kipimo cha MRI? Na mdogo wangu wa miaka 14 anataka kuanza mazoezi pamoja nasi, nimruhusu?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze kwa kukuweka sawa kwamba mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, na kwamba jibu hili halichukui nafasi ya kupimwa kwa mikono na mtu anayekuona. Kwa ufupi, mazoezi usiyaache, ila yapunguze kwa kipimo nitakachokueleza. Sindano ya steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, usiikimbilie. MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya kiungo, kwa sasa haitakuongezea kitu. Na mdogo wako aje, kwa masharti. Sababu zake ni ndefu kidogo, na ningependa uzifahamu, kwa kuwa mtu aliyeambiwa tu "punguza uzito" bila kuelezwa kwa nini hupunguza kwa wiki moja kisha hurudi kulekule.

Kwa jinsi ulivyoeleza, kinachokuuma si mfupa wala si msuli wenyewe, bali kano, yaani ule utepe mweupe mgumu unaoshikiza msuli kwenye mfupa. Msuli hupata damu nyingi na hujijenga upesi. Kano hupata damu kidogo, na ujenzi wake huchukua miezi. Ulipokaa miezi mitatu bila mazoezi vyote viwili vilidhoofika. Uliporudi Julai, msuli ulirejesha nguvu zake ndani ya wiki chache, ukajiona uko vilevile kama Machi, wakati kano ilikuwa bado haijafika hata nusu ya safari. Watafiti wa Copenhagen, wakiwamo Peter Magnusson na Michael Kjær, wameonyesha kwamba baada ya zoezi zito kolajeni, yaani protini inayoipa kano uimara wake, huvunjwa na kutengenezwa kwa wakati mmoja, lakini katika saa 24 hadi 36 za mwanzo uvunjaji huuzidi utengenezaji, na baadaye tu ndipo utengenezaji hushinda na kuendelea hadi kama siku ya tatu. Mtu anayepiga benchi Jumatatu, pushapu Jumanne, na kusukuma chuma juu ya kichwa Jumatano, anairudia kano ileile ya bega kila mara ikiwa bado kwenye hesabu ya hasara, na akifanya hivyo wiki nane mfululizo hana sababu ya kushangaa.

Mwaka 2009 wataalamu wawili wa Australia, Jill Cook na Craig Purdam, walieleza kuharibika kwa kano kwa hatua tatu zinazofuatana. Kwanza kano hushtuka kwa mzigo wa ghafla na kunenepa. Mzigo ukiendelea bila nafasi ya kujirekebisha, nyuzi zake hupoteza mpangilio. Na mwisho baadhi ya sehemu huchakaa kiasi cha kutorudi tena zilivyokuwa. Maumivu yako yana wiki chache, yanapungua ukipumzika, na huna udhaifu mkubwa wa mkono, kwa hiyo nina kila sababu ya kuamini kwamba uko mwanzoni mwa njia hiyo. Hatua ya kwanza hurudi nyuma mzigo ukipunguzwa. Ukiuondoa mzigo wote, hata hivyo, kano huendelea kudhoofika huku maumivu yakikudanganya kwamba umepona, na hicho ndicho kilichotokea katika zile wiki zako mbili za mapumziko: ulirudi ukiwa na kano dhaifu kuliko uliyoondoka nayo, ukaibebesha uzito uleule.

Kabla ya kuingia kwenye tiba, naomba tuviangalie hivyo vyuma vyenu. Umesema mnatumia bomba la chuma lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege pande zote mbili, na kwamba mna "seti tatu": ya makopo ya lita 4, ya ndoo za lita 10, na ya ndoo za lita 20. Zege lililokauka lina uzito wa takriban kilo 2.4 kwa kila lita. Kwa hiyo jozi ya makopo ya lita 4 ina karibu kilo 19, jozi ya lita 10 ina karibu kilo 48, na jozi ya lita 20 inakaribia kilo 96, na hapo bomba lenyewe hatujalihesabu. Mtu anapotoka kwenye seti moja kwenda nyingine, uzito wa makopo unakuwa mara mbili au zaidi kwa siku moja, na hakuna mwalimu wa mazoezi duniani ambaye angempangia mwanafunzi wake ngazi ya namna hiyo. Siwalaumu, kwani vyuma vya dukani ni ghali na zege linafanya kazi. Lakini majeraha mengi ninayoyaona kutoka jimu za uani hayatokani na uzito mkubwa kwa maana ya uzito mkubwa. Yanatokana na kukosekana kwa uzito wa katikati.

Dawa yake ni rahisi. Lita moja ya maji ina kilo moja kamili, na chupa ya maji ya lita moja na nusu ina kilo moja na nusu. Ukifunga chupa mbili, moja kila upande, karibu na kopo, umeongeza kilo 3 bila gharama yoyote. Mchanga mkavu kwenye mfuko imara, uliopimwa kwenye mizani ya muuza nafaka pale Majengo au soko lolote lililo karibu nawe, unafaa vilevile. Zoezi likiwa jepesi kwa wiki mbili mfululizo bila maumivu, ongeza kilo 3, si kilo 30. Jambo lingine: yapimeni hayo makopo moja moja. Mafundi wa uani hujaza kopo la kwanza kwa zege lenye kokoto nyingi, na likifika la pili mchanganyiko umebaki mchanga na saruji, hivyo tofauti ya kilo moja au mbili kati ya makopo pacha si ajabu. Kama bomba hulazwa siku zote upande uleule wa benchi, bega moja ndilo linalobeba kopo zito mwaka mzima. Pakeni rangi kopo zito, na kila mzunguko mbadilishe upande.

Sasa tiba yenyewe, ambayo msingi wake ni kuyapima maumivu badala ya kuyaogopa au kuyadharau. Wataalamu wa Sweden, hususan Roland Thomeé na baadaye Karin Silbernagel, walizoesha wagonjwa wao kuyapa maumivu alama kuanzia 0 hadi 10, na utaratibu huo umekubalika sana katika fani yetu. Maumivu ya 0 hadi 2 wakati wa zoezi hayana tatizo. Kati ya 2 na 5 yanavumilika, mradi yawe yamerudi chini kufikia asubuhi inayofuata na yasiwe yanapanda wiki hadi wiki. Yakizidi 5, au ukiamka asubuhi yakiwa mabaya kuliko jana yake, mzigo ulikuwa mkubwa mno, na siku inayofuata utapunguza uzito au idadi, bila kuacha kabisa. Andika alama hizo kwenye daftari. Wanaume hasa wana tabia ya kusahau kwamba Jumanne waliumia, ikifika Alhamisi wakiwa mbele ya wenzao.

Nianze na bega. Kuna kano nne zinazotoka kwenye kombe la bega na kukishika kichwa cha mfupa wa mkono kisitoke katikati ya kiungo, na ile ya juu ndiyo inayoteseka zaidi pale kiwiko kinapotanuliwa mbali na mwili huku mkono ukisukuma uzito. Nikiwatazama vijana wengi wakipiga benchi, viwiko vyao vimefunguka hadi nyuzi 90 na mwili, chuma kinashuka kwa kasi na kudunda kifuani, na mabega yamejikunja mbele. Kwa wiki sita zijazo achana na benchi na ulale sakafuni. Ukilala chini, sakafu huzuia viwiko visishuke kupita mwili, na ile sehemu ya chini kabisa ya mwendo, ambayo huumiza zaidi, inaondoka yenyewe bila kukulazimu kuikumbuka. Viwiko viwe nyuzi kama 45 na mwili, makombe ya bega yavutwe nyuma kidogo, na chuma kishuke kwa sekunde tatu na kupanda kwa sekunde tatu. Anza na uzito ambao ungeweza kuusukuma mara 15 bila kuzidi alama ya maumivu niliyoitaja, na ufanye mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki, zikiachana kwa siku moja.

Pamoja na hilo, nenda kwa fundi baiskeli akukatie ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, wenye urefu wa kama mita moja na nusu. Ufunge kwenye kitasa au nguzo usawa wa kiwiko, simama ubavu, bana kiwiko mbavuni kikiwa kimekunjwa nyuzi 90, na uuvute mpira huo kwa kuzungusha kiganja kuelekea nje, polepole, mara 15, mizunguko mitatu. Zoezi hili linaonekana la kitoto, na ndiyo maana watu huliacha baada ya wiki moja. Lakini ndilo linalofanya kazi moja kwa moja kwenye kano zinazouma. Ikiwa siku za mwanzo hata hilo linazidi alama 5, simama karibu na ukuta, usukume ukuta kwa upande wa nje wa kiganja bila mkono kusogea, ushikilie sekunde 45, upumzike, urudie mara tano. Kwa kila zoezi moja la kusukuma, fanya mawili ya kuvuta, kama vile kuinama na kuvuta chuma kuelekea tumboni. Kusukuma chuma kikiwa kimepita nyuma ya shingo sahau kabisa. Sioni faida yake isiyopatikana kwa njia nyingine salama zaidi.

Goti lako nimelielewa vizuri kwa sababu ya sentensi moja uliyoiandika, kwamba unaweza kuligusa eneo la maumivu kwa ncha ya kidole kimoja, chini kabisa ya kilegesambwa, na kwamba maumivu hupungua ukishapata joto kisha hurudi kesho yake. Hiyo ni sura ya kano inayounganisha kilegesambwa na mfupa wa muundi. Mwenye tatizo la kilegesambwa chenyewe kusuguana na mfupa wa paja kwa kawaida hawezi kuonyesha kwa kidole kimoja. Huzungusha kiganja kizima juu ya goti na kulalamika zaidi akikaa muda mrefu, jambo ambalo wewe hukulitaja. Kwa kano hii, utafiti uliofanywa Denmark na Mads Kongsgaard na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, una jibu la maswali yako mawili kwa mpigo. Walichukua wanaume 39 wenye maumivu sugu ya kano ya goti wakawagawa makundi matatu: kundi moja lilichomwa sindano za steroidi, la pili lilifanya mazoezi ya kushuka polepole kwa mguu mmoja kwenye ubao ulioinama, na la tatu lilinyanyua uzito mkubwa kwa mwendo wa taratibu, siku tatu kwa wiki. Baada ya wiki 12 makundi yote yalikuwa na nafuu. Ilipofika nusu mwaka, waliochomwa sindano walikuwa wamerudi nyuma, huku walionyanyua uzito taratibu wakibaki na nafuu yao.

Utaratibu wa kundi hilo la tatu unaweza kuufuata hata uani. Tumia zoezi la kuchuchumaa na uzito mabegani, ukishuka sekunde tatu na kupanda sekunde tatu, mizunguko minne. Wiki ya kwanza tumia uzito unaoweza kuunyanyua mara 15 tu na si zaidi; wiki ya pili na ya tatu, uzito wa mara 12; ya nne na ya tano, wa mara 10; ya sita hadi ya nane, wa mara 8; na kuanzia ya tisa hadi ya 12, wa mara 6. Utaona kwamba uzito unapanda kadiri idadi inavyoshuka, na hapo ndipo zile chupa za maji zitakapokufaa. Usichuchumae kupita kiasi ambacho mapaja yanakuwa sambamba na ardhi, na kwa wiki sita za mwanzo usiruke ngazi, usiruke kamba, wala usicheze mpira, kwa sababu kano ya goti huchukia zaidi mruko kuliko uzito wa polepole. Msweden Håkan Alfredson alikuwa ameshatangulia mwaka 1998 kuonyesha jambo linalofanana na hili kwa kano ya kisigino, kwa mazoezi ya kushusha kisigino kwenye ukingo wa ngazi mara 15, mizunguko mitatu, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12, na wagonjwa wake walielekezwa waendelee hata kama kuna maumivu kiasi.

Kiwiko hakinitii wasiwasi sana. Misuli inayokunja kiganja kwenda nyuma imeshikizwa kwenye nundu ya nje ya kiwiko, nayo ndiyo inayofanya kazi unapokaza kiganja kushika bomba, na ndiyo iliyofanya kazi maelfu ya mara ulipokuwa ukibana mkasi wa kupogolea. Kano haijui tofauti ya jimu na shamba, hivyo wikiendi ya kupogoa zabibu ihesabiwe kama siku nzito ya mazoezi, na Jumatatu yake usishike chuma. Viringisha kitambaa kwenye bomba lipate unene, kwa kuwa bomba jembamba hulazimisha mkono kukaza zaidi, kisha fanya zoezi la kushusha kiganja polepole ukiwa umeshika chupa ya maji, mara 15, mizunguko mitatu, siku zilezile za bega.

Nije kwenye dawa. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu kwa siku chache, na sina ugomvi na mtu aliyekunywa vidonge siku mbili tatu ili alale. Ugomvi wangu ni sindano inayochomwa ili mtu aweze kwenda jimu jioni hiyohiyo, kwa maana maumivu ndiyo kipimo pekee tulichonacho, na ukiyazima unaendesha gari usiku bila taa. Zaidi ya hapo, dawa hizo zikitumiwa kwa mazoea huleta vidonda vya tumbo, hupandisha shinikizo la damu na huumiza figo, hasa kwa mtu anayetoka jasho na kunywa maji kidogo kwenye ukavu wa hapa kwetu. Kuchuliwa kwa mafuta hakuna ubaya ikiwa ni kwa msuli; kuikandamiza kano yenyewe kwa kidole gumba hadi utoe machozi ni kuichokoza bure. Barafu hupunguza maumivu kwa muda, basi.

Kuhusu steroidi, ushahidi mkali zaidi upo kwenye kiwiko: Brooke Coombes na wenzake wa Australia walionyesha, katika uchambuzi wa mwaka 2010 na tena katika jaribio la mwaka 2013, kwamba waliochomwa hupata nafuu ya haraka wiki za mwanzo, lakini baada ya mwaka mmoja hali yao huwa mbaya kuliko ya wasiochomwa, na maumivu hurudi mara nyingi zaidi. Kwa bega mambo hayajanyooka kiasi hicho, na kuna nyakati daktari wa mifupa huichoma kwa sababu nzuri, kwa mfano pale mgonjwa anaposhindwa kulala kwa wiki kadhaa na kuanza mazoezi haiwezekani. Wewe hujafika huko. Kama siku moja utachomwa, usinyanyue kitu kizito kwa wiki mbili baada yake, na usirudie sindano baada ya sindano kwenye kano moja.

Kuna dawa nyingine ambayo wanaonyanyua vyuma hawaambiwi habari zake, nayo ni antibiotiki ya siprofloksasini, ambayo watu wengi huinunua wenyewe dukani wakihisi wana UTI au tumbo limechafuka. Dawa hii na ndugu zake huweza kudhoofisha kano hadi ikakatika, hasa ya kisigino, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru iwekewe onyo la daraja la juu kabisa kwa sababu hiyo. Hatari huongezeka kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia steroidi. Kama umeitumia miezi ya karibuni, mwambie mtaalamu atakayekuona. Na kama umeandikiwa na daktari kwa ugonjwa wa kweli, imalize kama ulivyoelekezwa, lakini vyuma vizito viweke kando, na kano yoyote ikianza kuuma mrudie daktari huyo siku hiyohiyo.

MRI ingekuonyesha nini? Huenda ingekuonyesha kano iliyonenepa au iliyochanika kidogo, na hapo ungeanza kuishi kama mtu mwenye bega bovu. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2011 uliwapima kwa altrasaundi wanaume 51 wenye umri wa miaka 40 hadi 70 ambao mabega yao hayakuuma kabisa, na asilimia 96 kati yao walionekana kuwa na kasoro fulani. Picha bila mgonjwa haina maana. Kipimo kinahitajika pale ambapo kitabadilisha tiba: umesikia mlio wa ghafla na mkono ukashindwa kuinuka, umeanguka juu ya bega, au umefuata mazoezi kwa uaminifu wiki 12 bila nafuu yoyote. Hapo anza na hospitali ya rufaa ya mkoa, nao wataona kama kuna haja ya kukupeleka Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Usisubiri wiki 12, bali nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiona kiungo kimevimba na kuwa cha moto pamoja na homa. Ukipata ganzi sehemu za siri au ukishindwa kuzuia mkojo au choo baada ya maumivu ya mgongo. Au mkojo ukigeuka rangi ya kahawia iliyokolea siku moja au mbili baada ya mazoezi makali huku misuli ikivimba na kuuma kupita kawaida. Hilo la mwisho ni dalili kwamba seli za misuli zimevunjika na mabaki yake yanaziba figo, na hutokea hasa kwa mtu aliyerudi ghafla baada ya likizo ndefu, akafanya mazoezi kwenye jua bila maji ya kutosha. Maumivu yanayokuamsha usiku bila kujali ulivyolala, yakiambatana na kupungua uzito, nayo si ya vyuma. Yapelekwe kwa daktari. Na kama hujawahi kupima sukari, pima, kwa sababu kisukari hudhoofisha kano na huchelewesha kupona.

Kuhusu kuzuia lisijirudie, kalenda yako ya kazi inajulikana, na Bunge la Bajeti litakuwapo mwakani kuanzia Aprili. Usipange kuacha, panga kupunguza: siku moja kwa wiki ya dakika 30, kwa uzito uleule au unaokaribia, inatosha kuzuia sehemu kubwa ya ule udhaifu. Ukilazimika kuacha kwa zaidi ya mwezi, rudi na nusu ya uzito na nusu ya mizunguko, siku mbili au tatu kwa wiki, na ujipe wiki sita hadi nane kurudi ulipokuwa. Vivyo hivyo kwa wanaofunga Ramadhani au Kwaresima. Asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14, kwa hiyo anza na mizunguko miwili ya zoezi lilelile kwa uzito mdogo sana kabla ya kuongeza. Kujinyoosha kwa dakika kumi hakukingi majeraha kama wengi wanavyoamini. Uchambuzi wa majaribio 25 uliochapishwa na Jeppe Lauersen na wenzake mwaka 2014 haukuona kinga yoyote ya maana katika kujinyoosha, ilhali mazoezi ya nguvu yenyewe yalipunguza majeraha ya michezo hadi chini ya theluthi moja, na mipango ya mazoezi kwa ujumla ilipunguza majeraha ya kutumika kupita kiasi karibu kwa nusu. Kula vizuri pia, na huhitaji unga wa makopo: dagaa, mayai, maziwa, karanga na choroko vinatosha, mradi viwepo kila siku na si siku ya mshahara tu.

Mdogo wako wa miaka 14 mruhusuni. Ile imani kwamba vyuma humfupisha mtoto haina msingi, ila asishike chuma kizito hadi ajue kukishusha taratibu, na mtu mzima awepo muda wote. Aanze na uzito wa mwili wake na bomba tupu, mara 10 hadi 15, siku mbili kwa wiki, na msimshindanishe na mtu. Mchunguzeni goti: katika umri huo mfupa wa muundi bado unakua pale kano inaposhikizwa, na kijana anayecheza mpira kila siku, kisha akaongeza kuchuchumaa na vyuma, huweza kuota nundu yenye maumivu chini kidogo ya goti. Ikitokea, apunguze kuruka na kukimbia kwa wiki kadhaa, aendelee na mazoezi mepesi yasiyozidi alama 3 ya maumivu, na asichomwe sindano yoyote mahali hapo. Maumivu yenyewe huisha mfupa unapokomaa, ingawa nundu inaweza kubaki.